Kugeuza hita ya roketi: kutoka mdomo wa J hadi sanduku la mkupuo

Hita yangu ya kwanza ya roketi, yaani ya kuni ya kupashia nyumba joto, ilikuwa na kasoro moja kubwa, na bibi aliigundua siku ya tatu tu. Alikuwa amekaa pembeni yake na rundo la mabanzi miguuni, shuka mabegani, akaniambia: "Mjukuu wangu, hiki si chombo cha moto, ni mtoto mchanga. Kila nikitaka kusinzia kinataka kunyonya."

Alikuwa na haki. Hita ile ilikuwa ya mtindo wa J, yaani ule wa asili, ambao njia yake ya moto ina umbo la herufi J. Kuni zinasimama wima kwenye shimo dogo la kulishia, moto unalala kuingia kwenye handaki fupi, kisha unapanda kwenye mnara wa joto uliofunikwa na pipa. Moshi ukishaungua, hewa ya moto inashuka pembeni mwa pipa na kupita ndani ya benchi la udongo kabla ya kutoka nje. Mtindo huu ulitokea Oregon, Marekani, mikononi mwa Ianto Evans na wenzake, wakijengea juu ya kanuni za jiko la roketi alizozisimamia Larry Winiarski miaka ya 1980. Unachoma safi na kuni unazila kidogo. Ila shimo la J yenye mnara wa kipenyo cha milimita 150 lina upana wa kama sentimita 13 kwa 13. Hapo huingizi gogo, unaingiza vijiti, na baada ya nusu saa unarudi kuongeza.

Sanduku la mkupuo ni jibu la fundi wa Uholanzi, Peter van den Berg. Unajaza kuni za kulala mara moja, unafunga mlango, unaondoka. Ndani ya saa moja hivi moto umemaliza kazi na benchi limeshiba joto la usiku mzima. Nimeibadilisha hita yangu kwa mtindo huu, na hapa naeleza hatua kwa hatua, pamoja na mahali nilipojikwaa.

Kama J yako inafanya kazi vizuri, kuni zako ni vijiti vya kupogolea, na nyumbani kuna mtu anayependa kuota moto muda wote, iache. Kazi hii inachukua wiki kadhaa ukihesabu na kukauka, na pesa ya tofali za moto, zile maalumu zinazostahimili joto kali, si ndogo. Mimi nilikuwa na sababu ya pili: mnara wangu ulikuwa wa bomba la chuma, na nilipoinua pipa baada ya misimu miwili nilikuta chuma kimeliwa, ukikibonyeza kinavunjika kama biskuti. Kubomoa nilikuwa nibomoe tu.

Kinachobaki na kinachoondoka

Watu wengi wanadhani ni kung'oa chumba cha moto cha zamani na kuchomeka kipya. Hapana. Sanduku la mkupuo linatoa moto mwingi kwa wakati mmoja kuliko J ya kipenyo kilekile, kwa hiyo kila kitu kinachofuata lazima kiweze kupumua nalo. Pipa linabaki, lakini litapanda juu. Benchi linabaki kwa nje, lakini utumbo wake unaondoka. Dohani inabaki kama inapanda wima kupita paa. Kama ulikuwa umeitoa ubavuni mwa ukuta, jinsi wengine wanavyofanya na J, hapo hakuna ujanja, jenga nyingine.

Vipimo kwanza, nyundo baadaye

Vipimo vyote vya sanduku vinatoka kwenye namba moja, na namba hiyo inatoka kwenye kipenyo cha ndani cha mnara. Chukua kipenyo, zidisha kwa 0.7234. Mnara wangu ni milimita 150, hivyo namba ya msingi ni 108.5. Ukishaipata:

Upana wa chumba cha moto ni mara 2 ya msingi: 217 mm.
Kimo ni mara 3: 326 mm.
Kina ni kati ya mara 4 na mara 5.5: 434 hadi 597 mm.
Mwanya wa nyuma, unaopeleka moto kwenye mnara, kimo ni mara 2.2 (239 mm) na upana ni nusu ya msingi (54 mm).
Mnara, ukipimwa kutoka sakafu ya chumba cha moto, ni mara 8 hadi 10: sentimita 87 hadi 108.

Ule mwanya mwembamba ndio moyo wa mtambo wote. Ukiutazama unajiuliza moto wa kuni zote hizo utapitaje kwenye ufa unaotosha vidole vitatu. Ndiyo siri yenyewe: ndimi zinabanwa, zinaingia kwenye mnara kwa kasi, zinajipinda pande mbili kama pembe za kondoo, na moshi unachanganyika na hewa hadi unaungua wote. Ukiupanua "ili upumue vizuri", kama fundi mmoja alivyonishauri, umeharibu. Unene wa ukuta kwenye mwanya nao usizidi sentimita 6 na kidogo.

Hewa inaingia sehemu mbili. Ya kwanza inapita mlangoni kwa chini, na tundu lake ni asilimia 20 ya eneo la mnara. Mnara wa 150 mm una eneo la kama sentimita za mraba 177, kwa hiyo tundu ni 35: sentimita 5 kwa 7 inatosha. Ya pili ni asilimia 5, yaani karibu sentimita 9 za mraba, na hii inapelekwa moja kwa moja juu ya mwanya kwa mfereji wa bati nene. Nitaurudia.

Andika namba hizi ukutani kwa mkaa. Mimi niliziandika kwenye boksi la sabuni na mtoto akalitupa.

Vifaa

Tofali za moto zile za milimita 230 kwa 114 kwa 64, kama 40. Tofali zetu za kuchoma za hapa Njombe ni nzuri kwa ukuta na kwa benchi, ila ndani ya chumba cha moto zinapasuka msimu wa kwanza. Zangu nilizipata mitumba kutoka kwenye tanuri la mkate lililovunjwa. Ukinunua za namna hiyo, gonga moja moja kwa nyundo ndogo: inayolia kama kengele chukua, inayotoa sauti ya chungu chenye ufa acha.

Udongo wa mfinyanzi uliochekechwa na mchanga wa mto, kipimo kimoja kwa vitatu. Saruji usiitumie karibu na moto. Ikipata joto kali inakuwa unga. Mfuniko wa chumba cha moto ndio peke yake niliotengenezea zege, na ni zege maalumu linalostahimili moto, vibao viwili vya unene wa sentimita 6, bila nondo ndani. Nondo ikipata moto inavimba na kulipasua.

Maranda kutoka kwa wapasua mbao, viroba viwili. Majivu yaliyochekechwa. Kama uko upande wa Rungwe, yale mawe mepesi ya volkano, yanayoelea majini, yanafaa kuliko majivu kwa kuzuia joto lisitoroke. Pia futi, pimamaji, grenda, mwiko, barakoa na glovu.

Kubomoa

Fanya kazi hii Septemba au Oktoba. Juni na Julai, sakitu inapoanguka na mabomba ya maji yanaganda asubuhi, si wakati wa kukaa bila moto, na udongo haukauki.

Toa pipa. Lowesha majivu yote kabla ya kuyagusa, vaa barakoa. Kama mnara wako ulivikwa sufi ya kauri au kamba nyeupe ambayo hujui ilitoka wapi, lowesha zaidi, tia kwenye mfuko na funga. Vumbi lake si la kuvuta. Halafu vunja shimo la kulishia na handaki. Tofali zilizo nzima zitaingia kwenye msingi.

Benchi, fungua kwa juu. Bomba lililomo ndani litoe lote.

Mnara

Anza na mnara kwa sababu unachukua muda mrefu kukauka. Nilichanganya udongo wa mfinyanzi na maranda, nusu kwa nusu kwa ndoo, nikaumba pete tatu. Kalibu ya ndani ilikuwa kipande cha bomba la maji taka la plastiki la milimita 160, nililolipasua kwa urefu ili niweze kulibana na kulichomoa. Kalibu ya nje ilikuwa bati lililokunjwa, likiacha unene wa sentimita 6. Kila pete niliipa kimo cha sentimita 27.

Nilizianika kivulini wiki moja, kisha nikamwomba jirani anayechoma tofali aniwekee katikati ya tanuru lake. Zilipotoka, maranda yalikuwa yameungua na kuacha vitundu kama vya mkate, uzito umepungua hata mtoto anabeba, na udongo ulikuwa umesinyaa hadi kipenyo cha milimita 151 na kimo cha sentimita 25. Ndiyo maana nilianza na 160. Udongo wako unaweza kusinyaa tofauti, kwa hiyo umba kipande cha majaribio kwanza, pima kabla na baada.

Sehemu ya chini ya mnara, pale mwanya unapofungukia, ijengwe kwa tofali za moto hadi sentimita 26 hivi, kwa umbo la pembe nane. Pete zinakaa juu yake, na mnara mzima unafika mita moja.

Chumba cha moto

Hapa tofali za 230 zinakusaidia. Mbili kwa urefu zinakupa kina cha 460, ambacho kimo ndani ya kipimo. Zisimamishe kwa ubavu, mistari mitatu ya 114, na kwa viungo vyembamba unafika kama 348. Kimo kinachotakiwa ni 326, kwa hiyo sakafu niliiinua kwa sentimita 2 na kidogo.

1. Tandaza sentimita 10 za majivu au mawe mepesi chini, kandamiza, pima kwa pimamaji. Panga tofali za sakafu bila udongo, kavu.

2. Jenga kuta mbili za pembeni. Udongo uwe kama uji mzito. Chovya tofali, bandika, gonga. Kiungo kisizidi milimita 2 au 3.

3. Jenga ukuta wa nyuma ukiacha mwanya katikati kabisa. Mimi nilikata kibao cha mbao cha 54 kwa 239 nikakisimamisha hapo, nikajenga kukizunguka, kikabaki hadi moto wa kwanza ulipokila. Mwanya unaishia ndani ya mstari wa tatu, kwa hiyo tofali la juu lazima ulikate kwa grenda.

4. Pembeni mwa sakafu, kushoto na kulia, weka vipande vya tofali vilivyokatwa mshazari. Kazi yake ni kuteremsha makaa katikati, yasibaki pembeni yakizimika.

5. Mfereji wa hewa ya pili. Chuma cha unene wa milimita 3 kikunjwe kuwa bomba bapa, upana 54 na uwazi wa ndani 16. Unapita juu ya mfuniko kutoka mbele, unashuka ndani ya chumba kwenye ukuta wa nyuma, na ncha yake inaning'inia mbele ya mwanya, ikishuka kidogo chini ya ukingo wake wa juu. Usiujengee kwa udongo, uchomeke tu. Ncha hiyo inaliwa na moto na siku moja utaibadilisha.

6. Weka vibao vya mfuniko. Zungusha chumba chote kwa majivu au mawe mepesi sentimita 10, halafu ukuta wa nje wa tofali za kawaida.

7. Mlango. Fundi wa kuchomelea akitaka kuubana fremu kwenye tofali, mkatalie. Chuma kinatanuka kuliko tofali. Acha milimita 5 kila upande, ziba kwa kamba ya kuzuia moto.

Pipa, na jioni ya moshi

Kwenye J, umbali kati ya kichwa cha mnara na kitako cha pipa ni sentimita 5 tu, na ndivyo inavyofaa. Mimi, kwa mazoea, nilirudisha pipa nikaacha sentimita 6. Nikajaza mabanzi makavu ya paini, nikawasha. Dakika kumi za mwanzo raha tupu. Kisha moto ulipokolea, mlango ukaanza kukohoa: puff, puff, kila sekunde mbili, moshi unatoka kwenye tundu la hewa na kurudi. Mama watoto alifungua madirisha yote bila kusema neno, akawachukua watoto wakaenda kwa jirani. Ukimya ule uliniuma kuliko moshi.

Sanduku la mkupuo linataka angalau sentimita 30 juu ya mnara. Piga hesabu: mnara mita 1, jumlisha 30, ni 130 kutoka sakafu ya chumba cha moto. Pipa la lita 200 lina kimo cha kama 88. Zilizobaki 42 zijengee msingi wa tofali wa mviringo, pipa likae juu yake. Ziba unganiko kwa udongo na uhakikishe haupitishi hewa, kwa sababu hapo ndipo gesi mbaya inaweza kuponyoka chumbani.

Benchi

Bomba refu lenye kona ndani ya benchi linaikaba hewa. Badala yake tengeneza benchi lenye tumbo wazi: chumba kitupu cha tofali, chenye mlango mkubwa kutoka chini ya pipa na tundu la dohani karibu na sakafu. Hewa ya moto inapanda na kukaa juu, inatoa joto lake, ikishapoa inashuka na kujiondokea. Haihitaji kuelekezwa. Kwa sababu hiyo dohani inaweza kuwa karibu na pipa, si lazima iwe mwisho wa benchi.

Mlango kati ya pipa na benchi uwe na eneo mara mbili ya mnara au zaidi. Yangu ni sentimita 20 kwa 20.

Sasa ukubwa. Kwa mnara wa 150 mm, jumla ya eneo la ndani linalonyonya joto, kuta na dari bila sakafu, ni mita za mraba 5.3. Pipa peke yake lina karibu 1.9, msingi wake karibu 0.8. Zinabaki 2.6. Benchi langu kwa ndani lina upana wa 45 na kimo cha 35, kwa hiyo urefu wa mita 2 unatosha. Lile la zamani lilikuwa mita 3, na kwa uchu nililiacha lote wazi. Matokeo: benchi la moto mwanzoni, dohani ya baridi, maji ya rangi ya chai yakidondoka kwenye kiungo, na siku zisizo na upepo hewa haivuti. Nikajenga ukuta ndani, mita moja nikaijaza kifusi. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Dari nilitumia mawe bapa, juu yake udongo uliochanganywa na nyasi, sentimita 8. Acha kitundu cha kufagilia majivu, kizibwe kwa tofali.

Dohani

Bomba la 150 mm, wima, lipite kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi. Kati ya pipa na dohani weka njia ya mkato yenye kilango cha bati: ukiwasha hita iliyopoa unakifungua dakika tano, dohani ipate joto, halafu unakifunga.

Moto wa kwanza

Subiri wiki mbili. Kisha vimoto vidogo vya magazeti na vijiti kwa siku nne au tano, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Benchi litatoa jasho, usiogope.

Moto kamili: kuni kavu zilizopasuliwa, unene wa kifundo cha mkono. Miwati ni bora kuliko zote, milingoti ikikauka mwaka mzima inafuata, paini inawaka haraka na kwisha haraka. Laza kuni kwa urefu wa chumba, zisizibe mwanya, zisifike juu yake. Kwangu ni kilo 5 hadi 6. Washia juu, kwa nyuma, karibu na mwanya. Moto utakula kushuka chini wenyewe. Ukiwashia chini zote zinashika pamoja, na dakika chache baadaye kuni zinatoa moshi mwingi kuliko hewa inayoweza kuuchoma.

Dakika kumi na tano zikipita, toka nje utazame juu. Unatakiwa usione kitu zaidi ya mtetemo wa hewa, na asubuhi ya baridi mvuke mweupe unaopotea hapohapo. Weka mkono kwenye dohani ndani ya nyumba: iwe ya moto kiasi cha kuishika kwa sekunde moja na kuachia.

Moshi mweusi nje? Kuni ni nyembamba mno au umejaza kupita kiasi. Moshi wa kijivu usiokwisha? Kuni mbichi. Mlango unakohoa? Pima tena pipa, halafu kagua kama masizi hayajaziba mlango wa benchi.

Usizibe tundu la hewa ili "kutunza makaa". Makaa yanayokosa hewa yanatoa kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani kila msimu wa baridi. Acha wazi hadi makaa yaishe kabisa, ndipo ufunge. Kifaa cha kuipigia kelele gesi hiyo kinauzwa. Ning'iniza kimoja chumba cha kulala hata kama una imani na ujenzi wako.

Majivu nayatoa mara moja kwa wiki, kisado kimoja, nayapeleka kwenye kabichi. Ncha ya mfereji wa hewa nimeibadilisha mara moja. Bibi bado analalamika, ila siku hizi lalamiko lake ni kwamba mlango wa chuma unamzuia kuona moto.